Kubadilisha filta ya dizeli kwenye Hilux ya 5L, na hela ya fundi inaenda wapi

Kila wiki napigiwa simu, "fundi, kubadilisha filta ya dizeli shi ngapi?", nikitaja bei mtu anaguna. Sasa leo nawawekea kazi nzima mjue mnalipia nini, na mwenye uwezo afanye mwenyewe nyumbani. Naongelea Hilux ya injini ya 5L (hilo ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, si lita tano) maana ndo ninazozifungua sana hapa Dar, ila injini za 3L na 1KZ nazo zinakula filta hiyohiyo, namba 23303-64010, mtajie muuza spea hiyo namba asikuzungushe.

Hela kwanza. Ufundi mimi nachukua 10,000, kazi ya nusu saa hivi kama hakuna kilichogoma. Filta ndo inakula hela, za kawaida nanunua 15,000 Kariakoo, jenyuini inaweza kufika mara tatu yake. Ukibana hapo ujue kinacholindwa ni pampu ya nozeli na nozeli zenyewe, yaani zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikila uchafu hutaongea habari ya elfu kumi tena, utaongea malaki.

Haya, kazi.

1. Injini ipoe, sigara mbali. Fungua boneti, utaiona filta imesimama pembeni na juu yake kuna pampu ya mkono. Chini yake kuna sensa ya maji, ile inayowasha taa kwenye dashibodi, chomoa plagi yake taratibu usivute waya.

2. Tega kopo, legeza kile kikoki cha chini dizeli imwagike. Usiitupe! Mimina kwenye chupa ya maji ya kunywa uiache itulie, maji yatakaa chini dizeli juu. Ukiona maji mengi basi tatizo lako ni sheli unayojaza au tenki, filta mpya itakusaidia wiki mbili tu.

3. Fungua filta kwa spana ya mkanda. Ikitoka, pitisha kidole pale ilipokaa uhakikishe mpira wa zamani haujabaki juu. Mimi nikiwa bado najifunza niliuacha, nikafunga mpya juu yake, gari ikawaka vizuri nikajisifu, mwenye gari akafika kona ya pili ikazima kwa sababu ilikuwa inavuta upepo, nikaifuata kwa mguu na spana mkononi huku jua linawaka.

4. Hamisha sensa kwenye filta mpya, na oringi yake (kile kimpira cha duara) weka mpya, zinakujaga ndani ya boksi watu wanazitupa wakidhani ni za ziada.

5. Paka dizeli kidogo kwenye mpira. Hapa mafundi tunabishana sana, wengine wanaijaza filta dizeli kabla ya kufunga na wanamimina kwenye tundu la katikati, jamani hilo tundu ndo njia ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa, ukimimina hapo uchafu wa kopo lako unaenda moja kwa moja kwenye pampu. Kama lazima ujaze pitishia vitundu vya pembeni. Mimi sijazi kabisa, pampu ya mkono ipo.

6. Funga kwa mkono, mpira ukigusa ongeza robo tatu ya mzunguko basi. Spana ni ya kufungulia tu, ukikazia nayo anayekuja kufungua baadaye atakutukana.

7. Rudisha plagi, halafu pampu kwa kiganja mpaka iwe ngumu, mara thelathini, hamsini, usichoke. Ndo hapa hela ya ufundi ilipo, upepo ukibaki utapiga stata mpaka betri ife. Ukipiga stata isizidi sekunde kumi, pumzika, pampu tena. Ikiwaka itatetemeka kidogo kisha itatulia, iache isailensi, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika tano ukiangalia chini kama kuna tone.

Mimi narudia kila kilomita 20,000, na gari za mkoani zinazojaziwa mafuta ya madumu mapema zaidi.

Wenye Vitz na IST msinipigie mkisema mbona yule wa Hilux ulimfanyia 10,000. Zenu filta iko ndani ya tenki pamoja na pampu, naanza kwa kung'oa siti ya nyuma, petroli ina presha kwenye paipu na mvuke wake unashika moto haraka, hiyo bei yake tutaongea gari ikiwa hapa mbele yangu.