Tembe za moyo ulioshindwa: ipi hufanya nini, na namna ya kuzimeza nyumbani

Mgonjwa akiambiwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, hutoka kliniki na mfuko wa tembe aina nne au tano. Baada ya muda uvimbe wa miguu unaisha, analala bila kurundika mito, na hapo anaanza kupunguza. Anaacha zile anazoona "hazifanyi kitu" na kubaki na ile ya kukojoa. Nilihudumu kama muuguzi katika kliniki ya moyo hapa Kisumu hadi nikastaafu, na wengi waliorudi wodini wakihema walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

Ile ya kukojoa ni furosemide, wengi wanaiita Lasix. (Majina nayaandika kama yalivyo kwenye pakiti, ili uweze kulinganisha.) Inatoa maji na chumvi kupitia figo, na nafuu yake huonekana upesi. Lakini yenyewe haiuponyi moyo. Kazi ya kuulinda moyo usizidi kuharibika hufanywa na zile nyingine usizozisikia mwilini.

Moyo ukisukuma damu kwa unyonge, mwili hudhani damu imepungua. Basi hutoa homoni zinazobana mishipa, zinazozuia chumvi isitoke, na zinazouharakisha moyo ambao tayari umechoka. Ni kama kumchapa punda aliyeanguka na mzigo. Enalapril au losartan hulegeza mishipa. Carvedilol au bisoprolol hupunguza mbio za moyo. Spironolactone huizuia homoni inayoshikilia chumvi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa karibu asilimia 30 kwa watu waliokuwa wamezidiwa. Ya nne ni dapagliflozin au empagliflozin, na hii huleta maswali: "Sista, mimi sina sukari, mbona nimepewa dawa ya sukari?" Ni kweli ilianza kama dawa ya kisukari, lakini tangu 2019 imejulikana kwamba huusaidia moyo dhaifu hata wa mtu asiye na sukari.

Mpango huu wa dawa nne ni wa moyo ambao nguvu yake ya kusukuma, kwenye picha ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), imesomeka asilimia 40 au chini. Uliza yako ilisomeka ngapi. Na kama tatizo ni vali, yaani milango ya ndani ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, jambo ambalo huku kwetu si geni, tembe zitapunguza maji lakini vali yenyewe haizibuliwi na tembe. Huyo aulize kuhusu upasuaji mapema.

Dozi huanza chini makusudi. Carvedilol huanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, kisha daktari huipandisha taratibu, kila baada ya wiki mbili hivi, kuelekea 25 mara mbili kama mwili unaikubali. Kwa hivyo dozi ikiongezwa usilie kwamba ugonjwa umezidi, ndivyo ilivyopangwa. Imeze pamoja na chakula. Siku za kwanza unaweza kuchoka au kuona kizunguzungu ukisimama ghafla, basi inuka polepole. Usiikatishe ghafla hata kidogo. Enalapril nayo huwapa wengine kikohozi kikavu kisichokoma, sema, utabadilishiwa. Midomo au uso ukivimba, hiyo si ya kusubiri miadi: acha dawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na mama anayetarajia kushika mimba aseme kabla, kwa sababu baadhi ya dawa hizi humdhuru mtoto tumboni.

Mzee mmoja wa Ahero alikuwa haimezi Lasix kila siku ya kliniki. "Nitakojoa wapi ndani ya matatu?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana nguvu ya tembe hii hudumu kama saa sita. Tulikubaliana aimeze akirudi nyumbani, bora isiwe jioni sana. Siku za kawaida imeze asubuhi, na kama una ya pili, iwe kufikia saa nane mchana, la sivyo usiku utaamka kila mara.

Nunua mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile, uandike kwenye daftari. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, ni maji, si ugali. Piga simu kliniki kabla hujaanza kuhema.

Sasa jikoni, ambako kuna mtego watu hawauoni. Magadi yanayolainisha mboga kama mrenda na osuga (mnavu) yana sodiamu, kwa hivyo huzuia maji kama chumvi ya kawaida. Wengine wakishaambiwa hivyo hurudia munyu wa majivu, ule wa maganda ya maharagwe. Huo una potasiamu nyingi, na mtu anayemeza spironolactone pamoja na enalapril tayari potasiamu yake huelekea kupanda. Ikizidi, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana hupimwa damu, potasiamu na kreatinini (inayoonyesha hali ya figo), wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuanza, na kila dozi inapobadilishwa. Usikwepe kipimo hicho.

Mgongo ukiuma, usinunue diclofenac wala ibuprofen dukani. Zinashikilia maji na kuumiza figo. Omba paracetamol. Ukiharisha au kutapika hadi huli, piga simu siku hiyo hiyo, kwani dapagliflozin kwa kawaida husimamishwa kwa muda, na nyingine huenda zikahitaji kupunguzwa.

Pesa zisipotosha, usichague mwenyewe ipi iachwe. Mwambie daktari waziwazi. Enalapril, carvedilol na spironolactone ni dawa za zamani, hutengenezwa na kampuni nyingi, na bei yake huwa nafuu kuliko zile mpya. Peleka pakiti zote, hata tupu, na daftari la uzani, mkae mpange upya.