Namna ya Kujitambulisha Ukiwa Mwandishi wa Ridhaa
Anza na jambo moja linaloonekana, wala si mwaka wa kuzaliwa na orodha ya shule ulizopitia, kwa kuwa msomaji humfahamu mtu upesi zaidi anapomwona akitenda: eleza, kwa mfano, kwamba wewe huandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, katika daftari lenye mistari, na kwamba kurasa za mwanzo huzifuta karibu zote. Kazi inayokulisha itaje kwa sentensi moja tu.

Penye mapenzi yako ndipo pa kukaa. Badala ya kusema kwamba unapenda hadithi, sema ni hadithi za namna gani, nani alikusimulia ya kwanza, na ni swali gani ambalo kila unapoandika unajikuta umelirudia. Na unapowataja waliokuathiri, ambao naamini wawili au watatu wanatosha, onyesha ulichojifunza kwa kila mmoja, kama vile kufupisha sentensi au kusikiliza mazungumzo ya watu. Usijidunishe kwa sababu hujachapisha kitabu. Mwisho, isome rasimu kwa sauti, kisha uondoe kila sentensi ambayo mwandishi mwingine yeyote angeweza kuiandika juu yake mwenyewe.