Masta ya mazingira bila kukwama kwenye tasnifu: hatua kwa hatua, kwa mfano wa mikoko

Wadau, kila mwaka nakutana na watu waliomaliza masomo ya darasani ya masta ya mazingira vizuri kabisa, matokeo yanang'aa, afu tasnifu inawalaza miaka. Ukikaa nao ukawauliza unakuta shida sio uwezo, na pesa ni sehemu tu, shida kubwa ni kwamba utafiti waliuweka uje baada ya darasa kana kwamba ni kitu kingine. Mimi kazi yangu ni kupima kaboni kwenye mikoko na wanafunzi wa masta nashinda nao matopeni, kwa hiyo naandika kwa mfano wa mikoko ila wewe wa maji, wa taka au wa hewa utaona pa kubadilisha.

Hatua ya 1: tafuta swali linalopimika, hata kabla ya chuo

"Athari za mabadiliko ya tabianchi pwani ya Tanzania" sio swali, hapo huwezi kujua kesho asubuhi unatoka nyumbani umebeba nini. Ila ukiuliza "udongo wa mikoko iliyofyekwa kulimwa mpunga kwenye delta ya Rufiji una kaboni pungufu kiasi gani kuliko wa mikoko iliyosimama pembeni yake", tayari unajua unahitaji maeneo mawili yanayofanana, chuma cha kuchimbulia udongo, mifuko, mizani na tanuru la maabara. Swali zuri linakupa orodha ya vifaa, usipoipata hiyo orodha rudi ulifinyange tena.

Hatua ya 2: chuo chagua kwa maabara na msimamizi

Jina la chuo lisikupumbaze. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wamebobea misitu na udongo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) iko Zanzibar, chuo cha Nelson Mandela Arusha wao ni masta na PhD tu, na kama una kazi na familia Chuo Kikuu Huria kinakuruhusu usome huku unafanya kazi. Ukivuka Kenya pale Mombasa kuna KMFRI, taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, hawa wamefanya utafiti wa mikoko kwenye ghuba ya Gazi kwa miaka mingi mpaka kukazaliwa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wanaouza hati za kaboni inayotunzwa na mikoko ya hekta 117 tangu 2013. Kabla hujalipa ada ya maombi mwandikie mwalimu unayemtaka, aya mbili zinatosha, swali lako na eneo lako, afu muulize kama anapokea mwanafunzi mwaka huo. Asipojibu ndani ya wiki mbili mkumbushe kwa heshima, akiendelea kukaa kimya tafuta mwingine maana ndivyo atakavyokuwa hata ukiwa mwanafunzi wake.

Hatua ya 3: vibali, anza navyo muhula wa kwanza

Hapa ndipo miezi inapopotelea. Kwa mwanafunzi wa chuo cha hapa Tanzania, barua ya utafiti inatoka chuoni kwako, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata mpaka mtendaji wa kijiji, na kila ngazi wanagonga muhuri na kuandika barua yao. Mikoko yote ya bara ni msitu wa hifadhi kwa hiyo TFS, wakala wa serikali wa misitu, lazima wakujue pia. Wageni kutoka nje wanapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na ukitaka kwenda Zanzibar ujue kule kuna utaratibu wake, kibali cha bara peke yake hakikuvushi.

Ukifika kijijini usianze na makaratasi. Shikamoo kwanza, kaa, eleza umetoka wapi na unatafuta nini kwa Kiswahili cha kawaida, afu ndio utoe barua. Watu wa delta wameshaona watafiti wengi wanaokuja, wanapima, wanapotea, kwa hiyo wakikuuliza "sisi tunapata nini" wana haki ya kuuliza na ujibu ukweli. Posho ya msaidizi na ya nahodha wa mtumbwi mkubaliane kabla hamjaingia majini.

Hatua ya 4: panga fildi kwa kalenda ya maji

Hii ndio hatua ninayoipigia kelele kuliko zote maana sijaona kitabu cha darasani kinachoifundisha vizuri. Pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa mbali sana na kwa pwani ya Dar na Zanzibar ule ukavu unaangukia kwenye saa nne saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kufanya upande wa bahari kwenye mililana au milana kama wengine wanavyoita, aina ya mikoko inayoota ukingoni mwa bahari, kule ambako siku nyingine huwezi hata kusimama. Wiki inayofuata ni maji mafu, maji hayaendi mbali wala hayapandi sana, wewe hamia upande wa nchi kavu kwenye mikandaa na michu, aina nyingine za mikoko, ambako maji hayatakufikia siku nzima. Ukipanga hivyo mwezi mzima unakuwa na kazi kila siku, ila ukipanga kwa kalenda ya ofisini, Jumatatu mpaka Ijumaa, nusu ya siku utazitumia umekaa ndani ya mtumbwi unasubiri na nahodha analipwa vile vile.

Na ingia maji yakiwa bado yanatoka, usisubiri yaishe. Yakianza kugeuka funga kazi utoke, vijito vya ndani vinajaa kabla hujaona bahari yenyewe inapanda.

Hatua ya 5: pima mti kama unapima dhahabu

Kipenyo cha shina tunapima mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko wenye mizizi ya juu kama miguu ya buibui unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kwa nini nasisitiza? Kanuni inayotumika sana, ya Komiyama na wenzake ya 2005, inasema uzito wa mti juu ya ardhi kwa kilo ni 0.251 mara uzito wianishi wa mbao (gramu kwa sentimita ya ujazo) mara kipenyo cha sentimita kilichopandishwa kipeo cha 2.46. Chukua mti wa kipenyo cha sentimita 10, uzito wianishi wa mbao 0.8, unapata kama kilo 58. Sasa soma vibaya useme 11, unapata kilo 73. Sentimita moja imeongeza robo nzima ya mti ambayo haipo.

Kibaya zaidi ni wale wanaotumia futi ya fundi cherehani, inasoma mzunguko, mti wa kipenyo cha 10 inasoma 31.4, mtu anaingiza 31.4 kwenye kanuni kama kipenyo na mti unakuwa mzito zaidi ya mara 16. Kwenye fomu yako andika wazi juu ya safu MZUNGUKO au KIPENYO, na kugawa kwa 3.14 fanya kwenye kompyuta jioni, usigawe kichwani ukiwa kwenye tope.

Hatua ya 6: udongo, hapa ndipo kaboni ilipo

Kwenye mikoko mingi kaboni ya ardhini inazidi ya miti kwa mbali, kwa hiyo usichoke ukifika hapa. Shindilia chuma chako taratibu bila kupiga nyundo hovyo, zungusha, kitoe. Ule mche wa udongo ukitoka unauona kabisa unavyobadilika, juu kahawia umejaa vimizizi, chini kijivu mpaka weusi na ile harufu ya yai viza, kama ni delta unaweza kukuta mkanda wa mchanga katikati ulioletwa na mafuriko. Piga picha rula ikiwa pembeni. Chukua kipande cha sentimita tano kutoka katikati ya kila tabaka: 0 hadi 15, 15 hadi 30, 30 hadi 50, 50 hadi 100, na zaidi ya hapo kama chuma kinafika.

Lebo weka mbili, moja nje ya mfuko kwa maka pen na nyingine ndani imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ngumu, wino unafutika na maji ya chumvi ila penseli inabaki. Maabara unakausha kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike tena. Hesabu ni nyepesi, gramu za udongo mkavu kwa sentimita ya ujazo mara unene wa tabaka mara asilimia ya kaboni. Tuseme gramu 0.6 mara sentimita 15 mara asilimia 5 (ingiza 5 yenyewe), unapata tani 45 za kaboni kwa hekta kwenye tabaka hilo moja. Pwani ina makombe na matumbawe, kwa hiyo dondoshea asidi nyepesi kwenye sampuli kidogo, ikitoa povu kuna chokaa na lazima uiondoe kabla ya kupima kaboni, la sivyo unahesabu makombe.

Hatua ya 7: satelaiti

Kujua mikoko imeongezeka au imepungua unahitaji picha za satelaiti, ila usilipie. Picha za satelaiti za Landsat ni bure tangu 2008, za Sentinel-2 zinakupa undani wa mita 10 kuanzia 2015, na QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo bure. La kuangalia ni mawingu na maji. Satelaiti hizi zinapita kwetu kama saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo picha ya siku za bamvua inakuta maji yametoka na ya maji mafu inakuta maji yako kwingine kabisa, ukilinganisha mwaka huu na mwaka ule bila kuangalia hilo utasema mikoko imepungua kumbe imefunikwa miguu tu.

Hatua ya 8: andika huku unafanya

Sura ya mbinu iandike fildi, kila jioni aya moja, maana miezi sita baadae hutakumbuka ulitumia kipimo kipi. Data ziingize siku hiyo hiyo, picha za fomu ziweke mahali pawili. Msimamizi usimtumie kurasa 60 na neno "naomba maoni", mtumie sura moja na maswali matatu yenye namba, utajibiwa haraka mno.

Hatua ya 9: viva na marekebisho

Viva ni ule mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu. Watakuuliza zaidi kwa nini ulichagua ploti zile, yaani vipande vya eneo ulivyopima, kwa hiyo uwe na ramani na sababu. Marekebisho yaweke kwenye jedwali, walichosema, ulichofanya, ukurasa gani.

Afu kabla hujaenda kuvaa joho, tengeneza ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili, urudi nao kijijini ukawasomee kwenye mkutano na wao wakuulize wanavyotaka. Nakala moja kwa mtendaji, moja kwa kamati ya wavuvi, moja ofisi ya TFS wilayani.