Kabla hujawasha moto kukaanga kahawa yako mwenyewe

Anayetaka kukaanga kahawa nyumbani huuliza kwanza anunue chombo gani. Hilo lisikusumbue. Kikaango kizito cha chuma ulicho nacho kinatosha, na hata mashine ndogo ya bisi ya hewa moto inafaa, ingawa nayo ina masharti yake. Cha kujiuliza kabla ya yote ni hiki: buni zikishaiva, utazimwaga wapi?

Anza na buni zenyewe. Nunua zilizokobolewa tayari; zikiwa bado zimevaa lile ganda kavu la njano, si za kukaangwa. Buni nzuri zina unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi, ni ngumu, na hazinuki ukungu. Zimwage kwenye sinia jeupe uzichambue: toa nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na mawe. Usidharau mawe. Kijiwe kimoja kikipita, hata kisipokusumbua kwenye moto, kitakungoja kwenye mashine ya kusagia.

Pima kwa mizani, usikadirie kwa macho. Gramu 100 za buni mbichi hutoa gramu 80 hadi 88 hivi za kahawa iliyoiva, kutegemea umeikaanga hadi rangi gani, kwa sababu maji hutoka. Uzito unapungua huku buni zenyewe zinavimba, kwa hiyo usijaze chombo. Ukitumia mashine ya bisi, gramu 80 hadi 100 kwa mkupuo mmoja ni nyingi za kutosha. Washa uangalie: buni zisipozunguka zenyewe, umezidisha, na za chini zitaungua wakati za juu bado mbichi.

Kikaango chenye ule utando mweusi wa kuzuia chakula kisigande, kiache kabatini. Kahawa inahitaji kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na kikaango juu ya moto mkali kinafika 260 kabla hujakohoa. Hapo utando unaanza kuharibika na kutoa mvuke mbaya. Mvuke huo huua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba, na kwako wewe pia hauna faida.

Mashine ya bisi nayo ichungulie kabla hujalipa. Unayoitaka ni ile inayoingiza hewa moto kwa matundu ya ubavuni, ikazisukuma buni zikazunguka. Yenye wavu chini, irudishe rafuni. Makapi, yale maganda membamba yanayobanduka buni zikikaangwa, yataanguka kupitia wavu hadi kwenye waya wa moto, na makapi ya kahawa yanawaka upesi mno. Hata hiyo nzuri ilitengenezwa kufanya kazi dakika chache tu, basi ipumzishe ipoe kabla ya mkupuo wa pili. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba hupata moto.

Moshi: kaa nje, au dirishani pamoja na feni inayotoa hewa. Ukikaangia ndani, mapazia yatakutolea ushahidi kwa wiki nzima.

Tayarisha masikio pia. Zima redio. Buni hutoka kijani zikawa njano, kisha zinaanza kunukia mkate, kisha kahawia, na kwenye nyuzi 200 hivi zinapasuka kwa sauti kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza, na kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea, kwenye nyuzi 225 hivi unakuja mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, moshi unakuwa mzito na mafuta yanaanza kujitokeza juu ya buni. Kwenye moto mkali, kati ya mlio na mlio hupita dakika moja au mbili tu. Usitegemee kipimajoto cha bei rahisi kukwambia. Mara nyingi kinapima hewa, hakipimi buni. Na zile buni zilizoondolewa kafeini hufika kwako zikiwa za kahawia tayari, kwa hiyo rangi yake itakudanganya. Sikiliza.

Sasa hilo la kumwaga. Shemeji yangu ni mtu wa mipango. Siku ya kukaanga alikuwa na mizani, daftari, saa, hata tochi ya kumulikia rangi ndani ya kikaango. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango natazama. Mlio wa kwanza ukaja vizuri, ukaisha, akazima jiko kwa wakati, rangi safi kabisa. Halafu akageuka akauliza, "Shemeji, chekeche liko wapi?" Lilikuwa kwenye sinki, limelowa, chini ya masufuria.

Wakati analitoa na kulifuta, buni zilikuwa bado zimekaa kwenye chuma kile kizito. Sifa yake ni kutunza joto, na kilikuwa kinatunza. Jiko limezimwa, kikaango kinaendelea kukaanga. Tukausikia mlio wa pili, tiktiktik, moshi ukapanda. Shemeji akaona bora asingoje. Akadaka beseni la plastiki lililokuwa karibu, akamwaga humo. Kitako cha beseni kikalegea, kikabonyea, buni zikazama na kung'ang'ania. Kwa hasira akabeba beseni, akalikung'uta kwenye pipa la taka lenye karatasi na makapi ya mkupuo uliotangulia. Tukatoka nje kupunga hewa. Tuliporudi, pipa lilikuwa linafuka moshi. Ndimi za moto zilikuwa bado hazijatokea, na hatukungoja kuziona. Tulilitoa uani tukalimwagia maji. Yeye alikuwa anasikitikia kahawa yake. Mimi nilikuwa naitazama ile meza ya mbao ambayo pipa hukaa chini yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa kiberiti, weka machekeche mawili ya chuma, makavu, mahali ambapo mkono unafika bila wewe kuhama. Mawili, kwa sababu utamwaga buni kutoka hili kwenda lile na kurudi, juu ya feni au mahali penye upepo; zinapoa na makapi yanapeperuka kwa kazi hiyohiyo moja. Lenga ziweze kushikika mkononi ndani ya dakika nne. Zikichelewa, zinaendelea kujipika kwa joto lao la ndani, na ladha uliyoipata motoni unaipoteza mezani. Usizinyunyizie maji, viwandani wanafanya hivyo kwa vipimo vyao, wewe utalowesha kahawa bure. Glavu ziwe nene na ziwe kavu, maana kitambaa kilicholowa hupitisha joto hadi kwenye ngozi. Na tafuta kopo la bati lenye mfuniko: makapi na buni zilizoungua zilale humo mpaka zipoe kabisa, ndipo ziende kwenye taka.

Mfuniko wa kikaango nao uwe karibu. Kikishika moto, zima jiko, funika, acha. Ikiwa ni mashine ya bisi, chomoa waya kwanza, na maji usiyalete kabisa. Ikiwa ni oveni, izime na mlango ubaki umefungwa hata kama roho inakutuma kuchungulia.

Kwenye kuhifadhi usiwe na pupa. Kahawa iliyotoka motoni inatoa hewa ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa, kwa hiyo usiifungie mara moja kwenye chupa ya kioo ukakaza mfuniko. Acha mfuniko umelegea usiku mmoja. Kunywa kesho yake, na kama ni ya espresso, ile kahawa nzito ya mashine, ngoja siku tano au zaidi. Kaanga kidogokidogo, baada ya wiki mbili tatu harufu inaanza kuaga. Mbichi ndizo za kuweka akiba, zinakaa miezi mingi pakavu pasipo jua, mbali na viungo na mafuta ya taa, maana zinavuta harufu.

Mengine unayajua: watoto wakae mbali, mikono ya shati mirefu ikunjwe, simu ikiita iite. Ukiwa na usingizi, acha mpaka kesho. Ukitaka kahawa nyeusi sana, ongeza uangalifu, kwa sababu buni zilizotoa mafuta zinashika moto kwa urahisi zaidi. Na kila ukimaliza mkupuo, futa makapi yote kwenye chombo na chini yake kabla hujaweka buni nyingine.