Kuchapisha thamani katika Common Lisp bila kuharibu hesabu

Tuchukue fankisheni hii:

(defun wastani (namba)
  (/ (reduce #'+ namba) (length namba)))

Unataka kujua jumla kabla haijagawanywa.

1. Zungushia sehemu hiyo `print`:

(/ (print (reduce #'+ namba)) (length namba))

Ukiita `(wastani '(4 6 9))`, skrini itaonyesha 19 na jibu litabaki 19/3, kwa sababu `print` hurudisha kile kile ilichopewa. Ukiweka `(format t ...)` mahali hapo, programu itakwama: `format t` hurudisha NIL (thamani tupu), na NIL haigawanyiki. Wengi hunaswa hapa.

2. `print` zikiwa tano hujui ipi ni ipi. Andika makro (kipande kinachotengeneza msimbo kabla haujaendeshwa):

(defmacro ona (usemi)
  `(let ((jibu ,usemi))
     (format *trace-output* "~&~S => ~S~%" ',usemi jibu)
     jibu))

Usisahau alama ya nukuu kabla ya `,usemi` ya pili. Bila hiyo usemi utakokotolewa mara mbili, na kama unabadilisha data utajitengenezea hitilafu mpya. Tumia ~S, si ~A: kwa ~A, namba 5 na matini "5" hufanana kabisa.

3. Ukitaka tu kuona kinachoingia na kutoka, `(trace wastani)` inatosha. Ukimaliza, `(untrace wastani)`.

Maswali ya wanachama

– `(ona (floor 7 2))` inanipa 3 tu. Ile 1 imekwenda wapi?

`let` hushika thamani ya kwanza pekee. Ndani ya makro andika `(multiple-value-list ,usemi)`, na mwishoni rudisha `(values-list jibu)`.

– Mkuu, kuchapisha orodha moja kumejaza skrini, hakuishi.

Huenda orodha inajirudia yenyewe. Katisha, kisha `(setf *print-circle* t)`. Kama ni ndefu tu, `(setf *print-length* 20)`.

– Fankisheni yangu inajiita yenyewe, lakini `trace` inaonyesha mwito wa kwanza tu.

Kompaila inaruhusiwa kuunganisha miito hiyo moja kwa moja bila kupitia jina. Weka `(declaim (notinline jina))` juu ya `defun`, ukompaili upya, ndipo uite `trace`.

– Ujumbe unachelewa kutokea.

Umebaki kwenye bafa (hifadhi ya muda ya matokeo). Ongeza `(finish-output *trace-output*)` baada ya `format`.