Ulemavu uliopatikana jeshini: namna ya kufuata haki zako ukiwa Lamu

Kabla hujavuka kwenda Mokowe kutafuta basi la Nairobi, fungua bahasha yako utafute karatasi moja: ripoti ya bodi ya madaktari wa jeshi. Isome polepole mpaka uone imeandikwa kwamba ulemavu wako ulitokana na utumishi. Kama maneno hayo hayamo, nauli yako itapotea bure.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Lamu. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka 2015 operesheni ya msitu wa Boni ikaanza. Vijana waliokuja kwangu kujaziwa fomu, wengine wamerudi bila mguu, wengine bila jicho, na wengine viungo vyao vyote vipo ila usingizi umewahama. Waliochelewa kupata haki yao, mara nyingi walikwamishwa na karatasi. Linaniuma sana hilo, maana karatasi hurekebishika.

Hatua ya 1: Ripoti ya bodi

Bodi huamua mambo mawili: kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na chanzo chake. Pensheni ya ulemavu husimama juu ya hayo mawili. Usiichanganye na pensheni ya miaka ya kazi wala na kiinua mgongo.

Ripoti ikinyamaza kuhusu chanzo, andikia Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi. Taja nambari yako ya utumishi, kikosi, tarehe na mahali ulipoumia, na hospitali uliyolazwa. Ambatisha maelezo ya maandishi ya wenzako waliokuwapo siku hiyo. Watafute mapema, kabla hawajahamishwa vikosi na kubadilisha simu.

Na wewe ambaye jeraha lako halionekani, unayeshtuka usiku mlango ukigongwa, usijiambie kwamba si ulemavu. Ulemavu wa akili unatambuliwa na sheria. Nenda kwa daktari uandikiwe, na uhakikishe kila ziara imeingia kwenye faili.

Hatua ya 2: Majina

Hapa ndipo watu wetu wa pwani wanapokwama kuliko popote. Kitambulisho kinasema Athman, cheti cha jeshi Othman, akaunti ya benki Uthman. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini karani aliye mbali hajui. Panga karatasi zote mezani ulinganishe herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, nenda kwa kamishna wa viapo ule kiapo kwamba majina hayo yote ni yako, kisha kila ombi ulipeleke na nakala ya kiapo hicho.

Hatua ya 3: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu

Kijana mmoja wa Faza aliniambia, "Jeshi lilishanipima, nipimwe tena kwa nini?" Kwa sababu bodi ya jeshi inahusu pensheni, na tathmini ya kiraia ndiyo inayokufungulia huduma za raia mwenye ulemavu. Utahitaji zote mbili. Ulizia hospitali ya King Fahd kamati ya tathmini hukaa siku gani, usije ukatoka Kizingitini na mashua ukakuta mlango umefungwa. Wa Malindi waanzie hospitali ya serikali ya hapo mjini.

Ukishasajiliwa na Baraza hilo unaweza kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu au mguu bandia, na msaada wa masomo. Ukiwa na biashara, jiandikishe pia katika mpango wa zabuni za serikali: asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Hatua ya 4: Kodi

Pensheni ya majeraha ya vita haitozwi kodi ya mapato. Ukiwa na mshahara au biashara pembeni, omba cheti cha msamaha wa kodi kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato: shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi hazikatwi kodi. Cheti kina mwisho wake, kwa hiyo andika tarehe ya kukihuisha.

Hatua ya 5: Mke, watoto na wazazi

Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 inawatambua pia wanaokutegemea. Swali langu la kwanza kwa kila askari ni hili: jeshini uliandika nani kuwa jamaa yako wa karibu? Wengi waliandika mama walipokuwa makurutu, na hawajabadilisha tangu hapo. Rekebisha ungali hai.

Ndoa iliyofungwa msikitini mbele ya wazee ni ndoa, lakini ofisi itataka cheti. Nendeni kwa kadhi muisajili. Mwenye wake wawili awasajili wote wawili, asimwachie mmoja kazi ya kujithibitisha siku ya matanga. Watoto waliozaliwa nyumbani nao wakatiwe vyeti vya kuzaliwa.

Asiyepata pensheni yoyote, mwenye ulemavu mkubwa na nyumba yake ni maskini, aulizie kwa chifu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini kwa fedha. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mlezi anaweza kumpokelea.

Hatua ya 6: Kufuatilia

Usimpe mtu yeyote asilimia ya pensheni yako kwa ahadi ya "kuisukuma". Kila barua ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Kimya kikizidi, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ukiuliza faili lako limefika wapi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Zikipita, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala pamoja na ile nakala yenye muhuri. Malalamiko hayalipiwi, na si lazima uwe na wakili.