Jirani kaziba njia ya gari: kutoka kwa sheha hadi Mahkama ya Ardhi

Hapa Zanzibar, anayelalamikia njia iliyozibwa hukwama mara nyingi kwa kosa moja: anadai ardhi, wakati anachokitaka ni kupita. Ukisema "kipande kile ni changu", umejitwisha mzigo wa kuthibitisha haki juu ya eneo ambalo huenda limo ndani ya karatasi za mauziano za jirani yako. Ukisema "hapa pana njia, nina haki ya kuingia na gari, na imezibwa", mzigo unapungua sana. Maneno yako yawe hayo hayo kuanzia barua ya kwenda kwa sheha (kiongozi wa Serikali wa shehia, yaani mtaa au kijiji) mpaka hati ya madai, maana wakili wa upande wa pili atazilinganisha.

Chanzo cha migogoro mingi ya aina hii kinajulikana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu. Mengi yao baadaye yakakatwa viwanja, na njia ikaachwa kwa mdomo tu: "hapa tutapita sote." Muuzaji akifariki, mnunuzi wa pili na wa tatu hawana habari na makubaliano hayo, na karatasi walizonazo zimeandika urefu na upana wa kiwanja bila kutaja njia.

Kusanya ushahidi kabla ya kugombana

Ukiona kamba imefungwa au msingi unachimbwa, piga picha siku hiyo hiyo. Tandaza futi kamba chini ili vipimo vionekane ndani ya picha. Pima sehemu tatu: mdomo wa njia, pale palipo pembamba zaidi, na mbele ya geti lako. Gari ndogo ina upana wa karibu mita 1.8 bila vioo, na gari la zimamoto hukaribia mita 2.5, kwa hivyo jirani anayesema "nimekuachia mita mbili, zinakutosha" amekuachia njia ya gari yako ndogo, basi. Kwenye kona mahitaji huongezeka, kwa sababu tairi za nyuma hukata kona kwa ndani kuliko za mbele. Pima na vinavyojitokeza: ngazi, kifuniko cha karo (shimo la maji machafu), kitako cha tangi la maji. Ukuta unaweza kuwa umekaa mahali pake na karo ndiyo iliyoziba.

Kisha tafuta kinachoonesha kwamba njia ilikuwepo zamani. Karatasi ya mauziano inayotaja mpaka wa "njia" ni dhahabu, hata kama ni ya jirani mwengine. Angalia nguzo za ZECO (Shirika la Umeme) na bomba la ZAWA (Mamlaka ya Maji): mara nyingi hufuata njia, na kumbukumbu za kuungiwa huduma zina tarehe. Picha za zamani za angani kwenye Google Earth huonesha alama za tairi kwenye udongo. Zichapishe zikiwa na tarehe. Mashahidi bora ni muuzaji wa asili, mzee wa mtaa asiye na jamaa upande wowote, na dereva aliyekuwa akikuletea mchanga na matofali wakati unajenga.

Jiandae kwa hoja moja nzito: "Nilimstahamilia tu, sikumpa njia." Ruhusa ya hisani inaweza kuondolewa, haki ya njia haiondolewi hivi hivi. Kinachotenganisha mambo hayo ni yale yaliyosemwa au kuandikwa wakati wa kuuziana, na kama nyumba yako ina upenyo mwengine wowote wa gari.

Kwa sheha

Sheha ana jukumu la kupokea na kusuluhisha migogoro ya shehia yake. Hatoi hukumu, lakini utakakokwenda baadaye, jambo la kwanza utakaloulizwa ni "sheha anasemaje?" Nenda na barua, nakala mbili, na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Barua iwe fupi:

"Ndugu Sheha. KUH: KUZIBWA NJIA YA GARI. Mimi ni mkaazi wa shehia yako. Njia ya kuingilia kwangu inaanzia barabara ya … na kupita baina ya nyumba ya … na ya …, na imetumiwa na magari tangu mwaka … . Tarehe … umechimbwa msingi ndani ya njia hiyo. Upana ulikuwa mita …, sasa umebaki mita … . Naomba tuitwe pande zote mbili, tutembelee eneo pamoja, na ujenzi usite mpaka shauri limalizike. Sidai umiliki wa eneo hilo, nadai kupita."

Hakikisha aliyeitwa ndiye mwenye nyumba. Mpangaji, mlinzi au fundi hawezi kukubali jambo kwa niaba ya mwenyewe. Mwenye nyumba akiwa Muscat au London, takeni wakala mwenye hati ya uwakilishi. Akiwa amefariki, tafuteni msimamizi wa mirathi, maana makubaliano na mtoto mmoja huvunjwa na ndugu zake. Kiwanja kikiwa cha wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana lazima ijue.

Mkipatana, andikeni palepale: upana kwa mita, inapoanzia na kuishia njia, nani wanapita, kwamba hapatawekwa kifusi wala gari la kulala, na kwamba makubaliano yanawabana warithi na watakaonunua. Kifungu hicho cha mwisho husahauliwa sana. Eneo likiwa limesajiliwa, peleka makubaliano kwa Mrajis wa Ardhi (msajili wa ardhi) yaingizwe kwenye daftari. Msipopatana, omba barua ya sheha inayosema usuluhishi ulifanyika na umeshindikana.

Siku hiyo hiyo, kwenye ofisi za ujenzi na ardhi

Usingoje sheha amalize. Nenda Baraza la Manispaa, Baraza la Mji au Halmashauri ya eneo lako ukaulize kama ukuta ule una kibali cha ujenzi. Ukiwa hauna, au umekiuka mchoro, wao wana uwezo wa kuuzuia, na ni rahisi zaidi kuzuia msingi kuliko ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Kamisheni ya Ardhi nayo itakuonesha kama eneo limepimwa na kama ramani ina njia. Eneo likiwa limepimwa, omba mpimaji aje kuonesha vigingi, kwa sababu kigingi kikishafukuliwa hubaki kazi ya kubishana.

Polisi wanakuhusu pale tu panapotokea vitisho au ugomvi. Na usivunje ukuta kwa mkono wako, hata usiku wa manane na vijana wa mtaa wote upande wako. Utashitakiwa kwa kuharibu mali, na mlalamikaji atakuwa jirani. Ikiwa tatizo ni gari linaloegeshwa mbele ya geti, huhitaji mlolongo huu wote. Neno la sheha kwa kawaida hutosha.

Mahkama ya Ardhi

Mahkama hii iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994, na ndiyo yenye mamlaka ya migogoro ya ardhi. Ukifungua shauri kwenye mahkama ya kawaida utapoteza miezi kisha uambiwe umekosea mlango. Hati ya madai itaje pande zote, ieleze njia kwa vipimo, na iombe mambo matatu: tamko kwamba njia ipo, amri ya kuondoa kizuizi, na zuio la kudumu. Ambatanisha barua ya sheha, picha, karatasi za mauziano na ramani ikiwepo. Ada ilipwe kwa njia rasmi na risiti uihifadhi.

Kama ujenzi unaendelea, fungua pamoja na maombi ya zuio la muda chini ya hati ya dharura (inayoomba maombi yasikilizwe haraka), yakiwa na hati ya kiapo. Kiapo kieleze hasara isiyolipika kwa fedha: mgonjwa asiyeweza kutolewa kwa gari, au nyumba isiyo na upenyo mwengine. "Nasumbuka" peke yake haitoshi.

Usiyemudu wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na wasaidizi wa sheria wa maeneo hukusaidia kuandika hati na kukuelekeza. Omba pia mahkama itembelee eneo. Siku hiyo acha njia kama ilivyo, usifagie wala kuondoa tofali.

Asiyeridhika hukata rufaa Mahkama Kuu, na muda wake una kikomo, kwa hivyo omba nakala ya hukumu mara inaposomwa. Ukishinda na jirani akakaidi, itakubidi ufungue maombi ya utekelezaji ili kizuizi kiondolewe kwa amri ya mahkama. Hukumu hiyo nayo ipelekwe kwa Mrajis, kabla kiwanja cha jirani hakijauzwa kwa mtu mwengine.